Mlio Mmoja Kutoka Salgaa

Mimi ni mtu wa kushuku. Nanusa maziwa hata yakiwa yamekamuliwa mbele ya macho yangu. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi, nageuka kuona kama nyuma yangu kuna mwingine aliyekusudiwa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na kwamba nilimtazama mkunga kana kwamba namdai kitambulisho. Mdogo wangu ni kinyume changu kabisa. Yeye angeweza kumwachia mkoba wake mtu aliyekutana naye stendi dakika tano zilizopita, na la ajabu ni kwamba angerudi amkute mtu yule amekaa palepale akiulinda. Jambo hilo lilinikera kuliko kama angeibiwa.

Mwaka wa 2007 nilikuwa nikiuza redio na simu katika duka moja mjini Nakuru. Mwenye duka alikuwa mzee Kalasinga, mjukuu wa fundi wa reli, mzaliwa wa mji huohuo, na alikuwa ametengeneza redio tangu zile kubwa za mbao zilizochukua muda kupata moto kabla hazijasema neno. Tulimwita boss, mimi na mwenzangu wa kaunta. Simu hakuzipenda sana. Aliziuza kwa sababu watu walizitaka, lakini mteja akiingia kuulizia redio, mzee alitoka mwenyewe ofisini, akafuta meza kwa mkono, akavuta kiti. Mimi niliwaza kwamba labda kuna faida kubwa zaidi kwenye redio ambayo hataki tuijue.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Salgaa, pale malori yanapolala yakielekea Eldoret na Uganda. Yeye na mumewe walikuwa na hoteli ndogo: chapati, maharagwe, chai ya maziwa, na matumbo siku za Jumamosi. Madereva walimpenda kwa sababu aliwakopesha na kuwaamini, nao, kama kawaida yake, walimlipa. Mumewe hakuwa wa kabila letu. Siku hizo hilo halikuwa jambo la kusemwa kwa sauti, lakini kila mtu alilijua na kuliweka mahali. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyeongea sana. Mimi watu wasioongea sana najiuliza wanaficha nini, na wale wanaoongea sana najiuliza hivyohivyo, kwa hiyo maskini hakuwa na namna ya kunipendeza.

Siku moja nilipowatembelea aliniomba namba yangu ya simu. "Shemeji, nipe namba yako, siku moja itahitajika." Nikamwambia simu yangu imeharibika. Sikuwa nimemaliza sentensi simu ikalia mkobani. Mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. Shemeji hakucheka wala hakukasirika, aliniongezea chai tu. Namba sikumpa. Yake ninayo, kwa sababu mdogo wangu aliniandikia kwenye kitabu changu bila kuniuliza.

Mdogo wangu nilimtafutia simu pale dukani, ile ya tochi tunayoiita mulika mwizi, na tukaweka utaratibu wetu. Wakati ule kupiga simu kulikuwa ghali, hivyo nusu ya Kenya ilikuwa ikiflashi. Unapiga, simu ya mwenzako inalia mara moja, unakata kabla hajapokea, na salio lako linabaki kama lilivyokuwa. Kila familia ilikuwa na lugha yake ya flashi. Yetu ilikuwa hivi: flashi moja, tuko salama. Mbili, nipigie. Tatu, njoo.

Kila jioni alipofunga hoteli aliniflashi mara moja. Nilipokuwa kwake nilimwona akimflashi mama vivyo hivyo. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, simu iko mezani, anabonyeza kwa kifundo cha kidole, anatazama kioo kikisema kinapiga, anahesabu moja mpaka nne, anakata. Hakuiweka sikioni hata siku moja. Nikamwuliza atajuaje kama imelia upande wa mama. Akasema, "Si unaiona? Imeandika inapiga." Nikacheka nikayaacha hayo, na mara nyingi tangu hapo nimejiuliza kwa nini siku hiyo sikushuku, mimi ninayeshuku maziwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba, na matokeo yakatangazwa. Mnajua yaliyofuata, au mmeyasikia: majirani wakageukiana kwa kabila. Jioni ile kila aliyekuwa na simu aliishika. Mimi nilimpigia mdogo wangu mpaka kidole gumba kikauma. Kila mara ni mlio ule wa kukataliwa, halafu maandishi: mtandao una shughuli. Nilimpigia mama kule Kabazi, mtandao una shughuli. Nilimpigia jirani aliyekuwa mlango wa pili, niliyeweza kumsikia akikohoa ukutani, mtandao una shughuli. Salamu za Mwaka Mpya zilinifikia siku tatu baadaye, zote kwa pamoja, zikinitakia heri wakati moshi unaonekana upande wa Molo.

Lakini redio ilikuwa safi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Redio yangu ndogo ya betri mbili ilisema vizuri kuliko siku zote, haikwaruzi wala haikatiki, na kila redio ya ploti nzima tuliyopanga ilikuwa ikisema maneno yaleyale. Nikajumlisha mambo yangu. Simu, ambayo sisi ndio tunaisemea, imekufa. Redio, ambayo wakubwa ndio wanaisemea, iko hai. Huhitaji kwenda shule kuona hapo kuna mkono wa mtu. Wamezima midomo yetu wakaacha yao. Niliwaeleza wapangaji wenzangu bombani, nao wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akaongeza kwamba binamu yake amemwona mtu akipanda mnara na koleo.

Duka lilipofunguliwa tena, nusu mlango, wateja waliingia na simu zao mkononi kama watu wanaorudisha viatu vilivyochanika. "Boss, hii simu mliniuzia ni mbovu, haishiki watu." "Niaje, hii laini imeingiliwa ama?" Mzee aliwajibu wote kwa upole. Kilichonishangaza ni kwamba yeye kila asubuhi alikuwa na habari mbichi za ndugu yake wa Kisumu: leo wamelala salama, leo wamehamia hekalu lao la gurudwara, leo watoto wamepata maziwa. Amezipataje? Mji mzima haupati mtu, yeye anaongea na Kisumu kama anaongea na jirani. Nikaamua ana laini ya wakubwa. Niliivumilia siku mbili, ya tatu nikamkabili.

"Boss, naomba kuuliza. Wewe simu yako inaingiaje?"

Alitoka nyuma ya kaunta. Nadhani alikuwa amezoea macho yangu. "Njoo hapa, mama," akasema.

Kwenye rafu ya ukutani kulikuwa na redio zipatazo kumi. Akawasha ya kwanza akaitafutia stesheni, sauti ya mtangazaji ikatoka. Akawasha ya pili, stesheni ileile. Ya tatu, ya nne, mpaka rafu nzima ikawa inasema neno moja kwa pamoja na mwenzangu wa kaunta akaziba masikio.

"Ile ya kwanza imepunguza sauti?" mzee akapaza.

"Hapana."

"Mtangazaji amechoka zaidi sababu tumewasha kumi?"

"Atajuaje?"

"Haya basi. Hajui. Mnara wa redio kazi yake kusema tu. Mkisikiliza kumi, mkisikiliza Kenya nzima, kwake ni sawasawa. Redio haiwezi kujaa, mama, sababu haimsikilizi mtu yeyote." Akazizima moja moja, kisha akapiga kaunta kwa kiganja. "Sasa simu ni hii. Hapa tuko wauzaji wangapi?"

"Watatu."

"Wakiingia wateja watatu?"

"Kila mmoja ana mtu wake."

"Akiingia wa nne?"

"Anangoja."

"Kwa simu hangoji. Anafukuzwa mlangoni. Mnara wa simu uko na wauzaji wake, wamehesabiwa, na kila watu wawili wakiongea wanashika muuzaji mmoja mpaka wamalize. Siku zingine wanatosha, sababu hatuji wote saa moja. Juzi tulikuja wote. Na ukifukuzwa unafanya nini?"

"Napiga tena."

"Unapiga tena. Na huyu anapiga tena, na yule. Sasa mlango umejaa watu wanasukumana. Mimi napiga saa kumi na moja asubuhi. Saa hiyo duka tupu, muuzaji amekaa tu. Jaribu." Alikuwa ameshageuka kuondoka, akarudi. "Na hata flashi inataka muuzaji. Nyinyi mnafikiri flashi ni bure. Kama hakuna nafasi, hailii huko kabisa."

Sasa nisikilizeni nilivyo. Nilielewa kila neno. Ningeweza kufanya mtihani wa jambo lile siku hiyohiyo na kupita. Lakini sikumwamini. Nilichoona ni mzee anayejua kueleza, na watu wanaojua kueleza ndio ninaowaogopa zaidi. Mfano wa redio kumi ulitoka upesi mno, kana kwamba aliuandaa. Na huo wakati wa saa kumi na moja asubuhi, nani ataweza kuuhakikisha? Nikasema "asante, boss," nikarudi kwenye kaunta na laini yake ya wakubwa ikabaki pale pale kichwani mwangu. Kuamka saa hiyo kujaribu sikujaribu.

Januari ikaendelea. Flashi ya jioni ilirudi, siku nyingine ikifika, siku nyingine isifike. Mara mbili tulifanikiwa kuongea. Nikamsihi mdogo wangu achukue mtoto waje kwangu. Mtoto alikuwa na miezi tisa. Akasema mumewe anaona barabara ndiyo mbaya zaidi, wangoje kidogo. Nikamwambia mumewe anamzuia. "Hanizuii," akasema. "Analala mlangoni." Nikataka kumwuliza analala mlangoni akilinda nani asiingie au nani asitoke, lakini simu ikakatika, na ninashukuru ilikatika.

Januari ilipoelekea mwisho, Nakuru yenyewe ikawaka. Sitaeleza niliyoyaona njiani siku tulipoteremsha mlango wa duka mchana tukakimbia. Nilijifungia chumbani na wapangaji wengine watatu wanawake, tukachanga unga na mafuta taa. Simu zikajaa tena. Kadi za salio zilikuwa hazipatikani kwa bei yoyote. Nilikuwa nimebaki na salio dogo nililolitunza kama dawa.

Jumamosi saa sita mchana, simu yangu ikalia mara moja ikanyamaza. Namba ya mdogo wangu. Niliishika kwa mikono miwili nikingoja. Dakika moja, mbili, kumi. Haikulia tena. Flashi moja.

Flashi moja, tuko salama. Nililia kwa furaha mbele ya wale wanawake bila aibu, nikawaeleza maana yake, wakanipigia makofi. Nilipojaribu kumpigia niliambiwa mtandao una shughuli, na baada ya hapo yule mama wa kwenye simu akawa ananiambia mteja hapatikani. Nikajua chaji imeisha, umeme hakuna kule. Mimi niliyemshuku boss, nikamshuku shemeji, nikaishuku serikali na kampuni ya simu na mtu wa koleo juu ya mnara, sikuishuku flashi moja. Sikujiuliza hata kwa nini imekuja mchana wakati zote huja jioni.

Wakati huo stesheni ya redio tuliyoisikiliza ilikuwa imeacha vipindi vya salamu. Mtangazaji aliyekuwa akisoma kadi za watu kuwasalimu wajomba na mashangazi sasa alisoma ujumbe wa waliopoteana. Fulani yuko uwanja wa maonyesho, anawatafuta watoto wake. Wazee wawili wametoka Kuresoi, wako kituo cha polisi. Tulisikiliza kutwa nzima. Jumapili alasiri akasoma hivi: mwanamke mwenye mtoto mchanga yuko Gilgil, uani mwa kanisa lililo karibu na stendi, anamwomba dada yake anayefanya kazi katika duka la redio Nakuru aende amchukue, ujumbe umetumwa na mumewe wa Salgaa.

Wale wanawake wakanigeukia wote. "Si ni wewe huyo?"

Nilisimama wima. Lakini hata kabla sijafika mlangoni, kichwa changu kilikuwa kazini. Gilgil? Salgaa iko upande huu, Gilgil iko upande ule, na Nakuru iko katikati. Mtu anayenikimbilia mimi atanipitaje? Halafu nina flashi mkononi, flashi ya jana, inayosema wako salama. Halafu huyu mume, ikiwa simu zimejaa na mimi hawezi kunipata, redio ameipataje? Na mbona anataja kazi yangu mbele ya watu wote? Simu inasema na mtu mmoja. Redio inasema na kila mtu, na wenye mapanga pia wana redio. Mtu anayenipenda hawezi kunitangaza hivyo. Kuna anayetaka nitoke humu ndani niende barabarani.

"Ni mtego," nikawaambia.

Mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, akasema taratibu, "Na kama si mtego?"

"Nina flashi," nikasema, nikamwonyesha simu.

Jumatatu asubuhi ujumbe ukasomwa tena, neno kwa neno. Mchana boss akaja mpaka mlangoni kwangu na pikapu yake, kilemba kimefungwa ovyo, jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla. "Mama, umesikia? Wamekuita redioni." Nikamwambia nimesikia na siendi. Nikamwonyesha na yeye simu. Akaitazama, akanirudishia. "Nilikwambia juu ya flashi," akasema. Nikamjibu kwamba yeye ana laini yake, hawezi kuelewa matatizo ya laini zetu. Ndiyo mara pekee nilipomwona amekasirika. "Laini gani? Amka saa kumi na moja!" akasema kwa sauti kubwa, akarudi kwenye gari.

Niliamka saa hiyo Jumanne, nia yangu ikiwa kumwumbua. Nilitaka nipige, nikose, nikamwambie. Kwa kuwa simu ya mdogo wangu ilikuwa haipatikani, nilifungua kitabu nikapiga namba ya shemeji, nikiwa nimekwisha panga maneno yangu: wewe unayemficha mdogo wangu, wewe unayenitangaza. Ikalia mara ya kwanza. Hakukuwa na mlio wa kukataliwa, hakukuwa na shughuli. Ililia upande wa pili kama simu ya siku ya kawaida, na akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Ni nani?"

"Ni mimi, shemeji yako."

"Shemeji." Nikasikia akivuta pumzi. "Umeshamchukua?"

"Bado," nikasema.

Alinieleza upesi upesi akihofia chaji. Ijumaa vijana wa kabila lake walimfuata hotelini kumwambia amtoe mke wake. Jumamosi asubuhi akamwingiza mdogo wangu na mtoto kwenye lori la dereva waliyemwamini, awashushe Nakuru. Nakuru ilikuwa inawaka, dereva hakuthubutu kusimama, akapita moja kwa moja mpaka Gilgil palipokuwa na askari. Dereva aliporudi ndiye aliyemwambia shemeji walipo. Yeye alitaka kunipigia, ila hakuwa na namba yangu, na simu ya mkewe ilikuwa imezimika. Namba aliyoijua kwa kichwa, kama kila mtu mwenye redio, ilikuwa ile ya stesheni inayotajwa kila saa. Alipanda kilimani alfajiri akapiga mpaka wakapokea.

"Nilifikiri ukisikia utaenda siku hiyohiyo," akasema, bila kulaumu, kana kwamba anaeleza hali ya hewa.

Nilikwenda kwa boss. Aliniona mlangoni kwake akaenda kuchukua funguo. Tuliungana na magari yaliyosindikizwa na polisi kuelekea Gilgil. Nilikuwa nikiomba jambo moja tu, kwamba niwakute.

Niliwakuta. Uani mwa kanisa watu walikuwa wengi, na mdogo wangu alikuwa kwenye benchi upande wa langoni, amekaa na mtoto mapajani. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Alinipa mtoto kwanza, kabla ya salamu, na nilipomweka begani nilisikia kifua chake kikikoroma. Usiku wa kwanza walilala nje kwa sababu ndani palijaa, na baridi ya Gilgil si ya mchezo. Akina mama wa kanisa walikuwa wamempatia dawa, homa ilikuwa imeanza kushuka.

"Nilikuflashi mara tatu," mdogo wangu akasema. "Tukiwa kwenye lori, tukipita mjini. Moja, mbili, tatu, kisha simu ikazimika."

"Nilipata moja."

Nikakaa karibu naye na maneno yakanitoka kama maji. Nikamweleza minara, nikamweleza kaunta na wauzaji watatu, nikamweleza kwamba hata flashi inahitaji nafasi, na kwamba saa sita mchana ile Nakuru nzima ilikuwa mlangoni inasukumana, flashi zake mbili zikafukuzwa, ikapita moja, na kwamba moja kwetu maana yake ni salama. Nilieleza vizuri. Boss mwenyewe angeniajiri upya.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Alikuwa mtu wa kuamini hata pale, na nguo alizolalia siku tatu. "Hata mimi nilijua ni simu tu," akasema. "Nilimwambia huyu mama hapa, dada yangu hawezi kupata flashi tatu akakaa."

Kisha akamfunika mtoto vizuri kwa ncha ya leso, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua.

"Na redio? Yako ilikuwa imeharibika? Hapa wanayo moja, wanaiweka pale dirishani. Jumapili iliposomwa nilimfunga mtoto mgongoni nikavaa viatu. Jana iliposomwa tena nikavaa tena."

Alikuwa amenipa jibu mkononi. Imeharibika. Betri zimeisha, na maduka yalikuwa yamefungwa. Angeniamini, na asingelizungumza tena maisha yake yote. Nilikitazama kile kidirisha na redio yake, ikisoma ujumbe wa watu wengine, safi, bila kukwaruza, na uani mzima ukiisikia.

"Haikuharibika," nikasema. "Nilisikia. Mara zote mbili."

Aliinuka kwenye benchi. Kisha akanyoosha mikono, akamchukua mtoto wake kutoka begani mwangu.